Meseji Haijafika, Pesa Iko Wapi? Kitabu Kinachoandikwa Nyuma ya Simu Yako

Mitungi imepakiwa kwenye basi hapa Isiolo, maziwa ya ngamia yameondoka kwenda Nairobi, na mama aliyeyatuma anasubiri kitu kimoja tu: simu yake ilie. Mteja wake wa Eastleigh akishapokea mzigo, anatuma pesa. Biashara hii yote, kutoka kambi za ngamia upande wa Kulamawe hadi soko lililo karibu kilomita 280 kutoka hapa, inaendeshwa kwa kuaminiana na kwa simu.

Sasa siku moja mtandao unagoma katikati. Mteja ameandika kiasi, ameweka PIN, amebonyeza tuma. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu kimya. Yeye hana meseji. Mama hana meseji. Mama anapiga simu kuuliza kama kweli ametuma, na mteja anajibu, "Wallahi nimetuma, mama." Wakifika hapo wengi hufanya kosa lile lile: wanatuma tena. Baadaye meseji mbili zinaingia kwa pamoja, na sasa kuna kesi ya kurudishiana.

Ukielewa kinachotokea nyuma ya ile skrini, hutatuma mara mbili, wala hutapaniki. Kinachotokea huko kinahusu kitu kinachoitwa hifadhidata. Mafundi wa kompyuta wakiongea wao kwa wao husema databesi. Ni kitabu cha hesabu, basi, lakini kina sheria kali kuliko daftari lolote ambalo umewahi kuona kwenye duka.

Daftari la deni na shida zake

Kila duka la mtaani lina daftari. Fatuma, sukari kilo mbili. Fatuma, unga. Fatuma amelipa mia tatu. Kwa duka lenye wateja ishirini, hapo sawa. Lakini Fatuma ni wangapi Isiolo? Ukianzia Bulla Pesa (mtaa wetu wenye neno pesa ndani ya jina lake) hadi Wabera utawapata wengi tu. Na Fatuma akibadilisha nambari ya simu, mwenye duka itabidi apekue kurasa zote kusahihisha.

Mwaka 1970, mtafiti wa kampuni ya IBM aitwaye Edgar Codd alichapisha wazo lililobadilisha namna kompyuta zinavyoweka kumbukumbu. Alisema tusiandike kila kitu mahali pamoja. Tugawanye kwenye majedwali. Jedwali moja ni la wateja, kila mteja mstari wake mmoja: jina, simu, tarehe aliyojiandikisha. Jedwali lingine ni la malipo: nani ametuma, nani amepokea, kiasi gani, saa ngapi. Kwenye jedwali la malipo huandiki "Fatuma". Unaandika nambari yake ya kipekee, na nambari hiyo ndiyo inayokurudisha kwenye mstari wake kule jedwali la wateja. Hifadhidata za aina hii huitwa hifadhidata za uhusiano, jina linalotokana na neno la hisabati ambalo Codd alilitumia kwa jedwali lenyewe.

Nambari ya kipekee si lazima iwe nambari ya simu, na fundi mwerevu hatumii simu. Mfugaji anaweza kuingia malishoni mbali miezi mingi bila mtandao. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kuzimwa, na nambari ile ile ikapewa mtu mwingine kabisa. Mfumo uliofunga akaunti kwenye nambari ya simu peke yake utamkaribisha mgeni kwenye akaunti ya mwenyewe. Ndiyo maana mifumo mizuri humpa kila mteja nambari ya ndani asiyoiona, na simu inabaki kuwa taarifa inayoweza kubadilika.

Yote au hakuna

Turudi kwa ile pesa ya maziwa. Tuseme mteja ana shilingi 5,200 na mama ana 850. Mteja anatuma 3,000. Ada tuiache kando ili hesabu iwe rahisi. Kazi ya mfumo ina hatua mbili kuu: kupunguza 3,000 kwa mteja, abaki na 2,200, na kuongeza 3,000 kwa mama, afike 3,850. Kabla na baada, jumla ya pesa za hao wawili ni 6,050. Shilingi haijazaliwa wala kufa njiani.

Na je, stima ikipotea baada ya hatua ya kwanza na kabla ya ya pili? Kwenye daftari la karatasi ungekuta mteja amekatwa na mama hajapata. Hifadhidata ya uhusiano haikubali hali hiyo. Hatua zote mbili hufungwa pamoja kama kifurushi kimoja. Ama zote zinakamilika, ama hakuna hata moja inayohesabika. Seva ikizimika katikati, ikiwaka tena inafuta ile nusu na kurudisha hesabu ilivyokuwa: mteja 5,200, mama 850.

Inajuaje? Kwa sababu kabla ya kugusa majedwali yenyewe, hifadhidata huandika kwanza kwenye daftari la pembeni kile inachotaka kufanya. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, hufanya kazi hivi. Ikiamka baada ya kuzimika inalisoma daftari lile. Kifurushi chenye alama ya kukamilika kinatekelezwa hata kama majedwali hayakuwahi kubadilishwa. Kisicho na alama kinatupwa. Hakuna kubahatisha.

Kuna jambo lingine watu huuliza: watu wawili wakitoa pesa kwa wakati mmoja? Akaunti ya chama ina shilingi 10,000. Mweka hazina yuko Isiolo mjini, katibu yuko Garbatulla, na kila mmoja amebonyeza kulipa 8,000, kwa sekunde ile ile. Mfumo mbovu ungewasomea wote wawili kwamba kuna 10,000, ukawaruhusu wote, na chama kingekuwa na deni la 6,000 bila kujua limetoka wapi. Hifadhidata iliyotumika vizuri huufunga ule mstari wa chama kama mlango wa choo: aliyetangulia akiwa ndani, wa pili anangoja nje. Akifunguliwa anakuta salio ni 2,000, na ombi lake linakataliwa. Kusubiri huko hakuchukui hata nukta moja, kwa hiyo huhisi chochote.

Sasa shika hili, maana ndilo la maana zaidi kwako. Meseji si sehemu ya kifurushi. Kwanza pesa inaandikwa kwenye hifadhidata, kisha ndipo mfumo unaagiza meseji itumwe, na meseji inapita njia yake mwenyewe yenye msongamano wake. Inaweza kuchelewa dakika kumi huku pesa imeshafika. Kwa hiyo meseji isipofika, usitume tena. Angalia salio lako kwanza. Salio linasomwa kutoka kwenye kitabu chenyewe. Likiwa limepungua, pesa imetoka. Mwambie unayemtumia naye aangalie lake. Likiwa halijapungua, subiri kidogo uangalie tena kabla ya kurudia, kwa sababu ombi linaweza kuwa bado liko njiani halijafika kwenye seva.

Vitabu viwili, ugomvi mmoja

Malalamiko mengi ya "nimelipa lakini mfumo unasema sijalipa" hayatoki kwenye kitabu kimoja. Yanatokea pale ambapo kuna vitabu viwili.

Ukilipa karo kwa nambari ya Paybill, kampuni ya malipo ina hifadhidata yake, na shule ina ya kwake. Malipo yakikamilika kwenye kitabu cha kwanza, taarifa inatumwa kwenye cha pili: kiasi fulani kimeingia, nambari ya malipo ni hii, nambari ya akaunti iliyoandikwa ni hii. Mfumo wa shule unatafuta mwanafunzi mwenye nambari hiyo. Ukikosea tarakimu moja ya nambari ya mtoto, au ukaandika jina lake badala ya nambari, mfumo hauwezi kubahatisha. Pesa imeingia shuleni, hilo ni kweli, lakini inabaki kama yatima, haina mwenyewe. Mtoto anarudishwa nyumbani na mzazi ana meseji mkononi. Wote wawili wanasema kweli.

Wakati mwingine taarifa yenyewe haifiki. Seva ya shule au ya duka imezima, stima imepotea, intaneti imelala. Kampuni ya malipo imemaliza kazi yake, ila kitabu cha pili hakijapata habari. Fundi mzuri huwa ameshaliona hili mapema. Mfumo wake haukai kusubiri kuambiwa, bali kila baada ya muda unauliza wenyewe, "Yale malipo niliyoyaomba, yalikwishaje?" Fundi mvivu hakuiweka hiyo, na mteja ndiye anayezungushwa.

Dawa yako kwa hali zote mbili ni moja: ile nambari ya malipo, zile herufi na tarakimu zilizochanganyika kwenye meseji yako. Hiyo ndiyo nambari ya kipekee ya mstari wako kwenye jedwali la malipo. Ukiwa nayo, mhasibu wa shule anaweza kuutafuta mstari huo kwa sekunde chache na kuupa mwenyewe. Bila hiyo, mnaanza kutafuta kwa saa na kiasi, na siku ya kufungua shule malipo ya kiasi kile kile ni mengi ajabu. Usifute meseji za karo, kodi wala za mifugo. Kama simu imejaa, nakili ile nambari kwenye karatasi.

Nimetaja mifugo kwa sababu. Pale kwenye soko letu la mifugo, mnunuzi anaweza kukuonyesha meseji kwenye simu yake, au ikaingia kwenye simu yako inayofanana kabisa na ile ya kawaida, na mbuzi kumi wanapanda lori. Meseji ni maandishi tu, na maandishi yanaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye simu. Mstari kwenye hifadhidata hauwezi kughushiwa kutoka kwenye simu ya mtu. Kwa hiyo kabla mbuzi hawajapanda, angalia salio lako wewe mwenyewe. Si kumdharau mnunuzi. Mnunuzi wa kweli hatakasirika kungoja dakika mbili.

Hifadhidata hizi ni za nani?

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza watu. Sehemu kubwa ya hifadhidata zinazotumika duniani hazinunuliwi. Ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuzichukua bure, kuzitumia, kusoma zilivyoandikwa ndani na hata kuzirekebisha. Mashirika mengi makubwa ya fedha bado hununua hifadhidata za kulipia, lakini kijana anayetengeneza mfumo wa SACCO leo hana haja ya kulipa leseni ili kuanza.

Majina utakayosikia zaidi ni manne. MySQL ilitoka 1995, na ilipewa jina la My, binti ya mmoja wa walioiandika, Michael Widenius. Kampuni ya Oracle ilipokuwa inaichukua, aliogopa itafungwa, akaanzisha mwenzake 2009 na kuuita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo. PostgreSQL ina asili ya chuo kikuu cha California kule Berkeley, ambako mradi wake ulianza 1986 chini ya Michael Stonebraker. Na SQLite ni kadogo, kaliandikwa na Richard Hipp mwaka 2000, na hakahitaji seva. Ukiwa na simu ya Android, tayari unako mfukoni. Mara nyingi majina ya watu wako wa simu na meseji zako zimewekwa humo.

Hako kadogo kana kazi kubwa huku kwetu. Apu iliyotengenezwa vizuri humwezesha mtu aliye Merti pasipo mtandao kuandika mauzo yake, yakahifadhiwa kwenye SQLite ndani ya simu, na mtandao ukirudi yakapelekwa kwenye seva. Lakini hiyo ni kwa kumbukumbu, si kwa kuhamisha pesa. Pesa lazima iandikwe kwenye kitabu kikuu. Apu ikikuambia "imetumwa" wakati simu haina mtandao kabisa, usiiamini hadi uhakikishe.

Huenda umeshaandikwa kwenye hifadhidata huria bila kujua. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 ukitokana na kazi iliyofanyika Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ndani yake kuna MySQL, na vituo vingi vya afya Kenya hutumia mfumo uliojengwa juu yake, KenyaEMR. Takwimu za afya zinazotoka zahanati hadi kaunti hadi Nairobi hupita kwenye DHIS2, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na huo hutumia PostgreSQL. Jukwaa huria lililotokana na Ushahidi, ile tovuti iliyoundwa na Wakenya Januari 2008 kukusanya taarifa za vurugu baada ya uchaguzi, lilisimama juu ya MySQL. Kwa upande wa fedha kuna Apache Fineract, mfumo huria wa taasisi ndogo za mikopo, na Mojaloop, iliyotolewa 2017 kusaidia huduma tofauti za pesa kuongea baina yao. Tovuti nyingi za hoteli na maduka nazo zimejengwa kwa WordPress, ambayo hutumia MySQL au MariaDB.

Je, kitu cha bure si rahisi kuvunjwa? Swali zuri. Bure hapa haina maana ya wazi kwa kila mtu. Kinachosomeka na wote ni namna kufuli lilivyotengenezwa, funguo unabaki nazo wewe. Uvujaji mwingi unaousikia hutokana na mtu aliyeacha nenosiri jepesi, au mfanyakazi aliyepewa ruhusa zaidi ya kazi yake.

Chama chenu kikitengenezewa apu

Vijana wa hapa Isiolo wanajua kazi, na vyama vingi sasa vinataka kuachana na daftari. Sawa kabisa. Lakini kabla hamjamlipa kijana wenu malipo ya mwisho, mkalisheni chini mumuulize maswali haya.

Pesa imehifadhiwa kama nini? Kompyuta ina namna mbili za kuweka nambari zenye desimali, na moja huweka makadirio tu. Ukijumlisha senti kumi na senti ishirini kwa namna hiyo, haipati thelathini kamili, inapata thelathini na kijisehemu. Kwa malipo moja huoni, kwa riba ya wanachama hamsini kwa miaka mitatu hesabu zinaanza kukataa kufungana. Jibu sahihi ni kwamba ametumia aina ya nambari kamili za desimali, au anaweka kila kitu kwa senti nzima.

Nikibonyeza mara mbili inakuwaje? Kila ombi linatakiwa kubeba nambari yake, ili ombi lile lile likifika mara ya pili hifadhidata ilikatae kwa kuwa nambari hiyo iko tayari kwenye jedwali.

Nani anaweza kufuta mstari? Kwenye hesabu za pesa jibu ni hakuna mtu. Kosa halifutwi, linasahihishwa kwa mstari mwingine unaorudisha pesa, ili kila mwanachama aone kilichotokea. Kama mwenyekiti anaweza kuingia usiku na kubadilisha mchango wa mtu bila kuacha alama, basi mmelipia daftari la penseli.

Na la mwisho: nakala iko wapi? Kompyuta ikiibiwa au ikiungua, hifadhidata inakwenda nayo. Nakala lazima iwepo mahali pengine, itengenezwe kila siku bila mtu kukumbushwa. Msiridhike akisema ipo. Mwambieni airudishe mbele yenu kwenye kompyuta nyingine, muone michango ya mwezi uliopita ikitokea. Wengi hugundua nakala yao ilikuwa tupu siku ile wanapoihitaji.

Kumbuka pia kwamba majina, nambari za vitambulisho na simu za wanachama ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuuliza ni taarifa gani zako zimehifadhiwa, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Haki hiyo unayo kwa chama chako, kwa shule ya mtoto wako, na kwetu sisi pia. Jina lako likiwa limeandikwa vibaya kwenye akaunti, njoo na kitambulisho likiwa bado kosa dogo, usingoje siku ambayo laini imepotea na unahitaji kuthibitisha kwamba ni wewe.